Bibo Likidondoka: Jibu kwa Mjomba Kuhusu Newton

Mjomba wangu, mkulima wa korosho wa huko Tandahimba, ana hoja anayoirudia kila tukizungumza habari za sayansi: kwamba wataalamu hawana msimamo. Leo watasema hivi, kesho watasema vile, na keshokutwa watakuja na la tatu. Zamani mifano yake ilikuwa ya dawa za kupulizia mikorosho na ya mbolea. Siku hizi ameongeza wa Isaac Newton, Mwingereza aliyetunga sheria ya mvutano wa dunia, kwa sababu mwanawe aliye kidato cha nne amemweleza kwamba alitokea baadaye mtu aitwaye Einstein akamkosoa. "Mpwa wangu," aliniuliza, "kama huyo wa kwanza alikosea, mbona bado mnawafundisha watoto maneno yake?" Swali hilo halikuwa la kubeza, na linastahili jibu refu. Nitalijibu kwa kutumia kitu anachokifahamu kuliko mimi, yaani tunda linaloanguka.

Huku kwetu korosho hazichumwi mtini, huokotwa. Msimu unapokaribia, mwenye shamba hufyeka na kufagia chini ya mikorosho ili kila kinachodondoka kionekane, kisha familia hupita asubuhi baada ya asubuhi ikiinua mabibo, ikinyofoa korosho na kuzianika. Anayeharakisha mambo kwa kutikisa matawi hujikusanyia korosho changa, na korosho changa humshushia daraja akifika ghalani. Mkulima wa korosho, basi, ni mtu ambaye mavuno yake huletwa chini na mvutano wa dunia. Hata hivyo, kuna jambo ambalo hata waliokulia chini ya miti hiyo hulichanganya: mvutano hauanzi siku bibo linapoiva. Tangu lilipokuwa changa, dunia imekuwa ikilivuta mchana na usiku kwa nguvu inayolingana na tungamo lake, na kikonyo ndicho kilicholizuia lisishuke. Kinachobadilika tunda linapokomaa ni tabaka jembamba la seli kwenye maungio ya kikonyo, ambalo hudhoofika hadi likashindwa kubeba mzigo liliokuwa likiubeba jana. Kwa nini limeanguka leo, hilo ni swali la elimu ya mimea. Likishaachia litaanguka kwa namna gani, hilo ni swali la fizikia, na ndilo ambalo majibu yake yamerekebishwa mara kadhaa katika miaka zaidi ya 2,300.

Jibu la kale lililodumu kuliko yote lilikuwa la Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo. Alifundisha kwamba vitu vizito vina mahali pake pa asili, katikati ya ulimwengu, kwamba vikiachiwa huelekea huko, na kwamba kadiri kitu kinavyozidi kuwa kizito ndivyo kinavyozidi kwenda kasi. Ni rahisi kumcheka. Lakini simama chini ya mkorosho wakati upepo umetulia, uone bibo likifika chini kwa kishindo huku jani kavu likiyumbayumba hewani, nawe utakiri kwamba mzee yule alieleza alichokiona. Asichokitenganisha ni mchango wa hewa. Katika karne ya 6, John Philoponus wa Alexandria aliandika kwamba vitu viwili vyenye uzito unaotofautiana sana, vikiangushwa pamoja kutoka kimo kimoja, hufika chini karibu wakati mmoja, na kwamba tofauti yao haikaribii hata kidogo ile ambayo fundisho la Aristotle linadai. Zaidi ya miaka elfu moja ilipita kabla Galileo Galilei hajalifanyia jambo hilo hesabu. Alivingirisha mipira kwenye ubao ulioinama, ili mwendo upungue kiasi cha kupimika, akaonyesha kwamba umbali unaosafiriwa hukua kwa mraba wa muda; matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1638.

Sheria hiyo inaweza kutazamwa hapa hapa bila maabara. Bibo likiachia kwenye tawi la mita 5 hutumia sekunde moja hivi kufika chini. Nazi kavu iliyo juu mita 20, yaani kimo mara nne ya hicho, haitumii sekunde nne bali mbili tu, kwa sababu mraba wa mbili ni nne, na inapogusa ardhi mwendo wake unakuwa kama kilomita 70 kwa saa. (Ndiyo maana mkeka hautandikwi chini ya mnazi, hata kivuli chake kiwe kizuri namna gani.) Na hewa ikiondolewa, lile jani na lile bibo hufika pamoja. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa wakati mmoja juu ya mwezi, mahali pasipo na hewa, vikatua pamoja mbele ya kamera.

Habari ya Newton na tofaa imesimuliwa hata imechakaa, kwa hiyo nitasema machache. Si uzushi mtupu: William Stukeley, aliyezungumza naye mwaka 1726, aliandika kwamba Newton mwenyewe alimsimulia jinsi kuanguka kwa tofaa kulivyomfanya ajiulize kwa nini daima hushuka wima kuelekea katikati ya dunia. Kwamba lilimwangukia kichwani, hilo Stukeley hakuliandika. Ukubwa wa fikra ile ulikuwa katika mwezi. Umbali wa mwezi kutoka katikati ya dunia ni kama mara 60 ya umbali wetu sisi tunaosimama juu ya ardhi. Ikiwa mvutano hupungua kwa mraba wa umbali, basi huko juu unapaswa kuwa dhaifu mara 3,600. Bibo hushuka mita 4.9 katika sekunde yake ya kwanza. Gawanya kwa 3,600 utapata milimita 1.4 hivi, na hicho ndicho kiasi ambacho mwezi hupinda kutoka kwenye mstari mnyoofu na kuelekea kwetu katika kila sekunde. Mwezi unaanguka muda wote, ila mwendo wake wa pembeni huufanya uikose dunia kila mara. Kitabu cha Principia, kilichotoka mwaka 1687, kiliweka chini ya sheria moja kuanguka kwa matunda, mzunguko wa sayari, na kujaa na kupwa kwa maji kunakowapangia ratiba wavuvi wa Mikindani. Mvutano wenyewe unatokana na nini, Newton hakueleza, na katika toleo la mwaka 1713 alisema wazi kwamba hatabuni sababu asiyoweza kuithibitisha.

Sasa nije kwenye kisa ambacho naona kinatuhusu sisi wa kusini kuliko tofaa. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta, akiwa na saa ya pendulumu, yaani uzito unaoning'inia na kubembea, iliyorekebishwa Paris. Huko saa ilichelewa kama dakika mbili na nusu kila siku, ikambidi afupishe pendulumu kwa kiasi kinachokaribia milimita 3. Wapo waliodhani kwamba ni joto tu lililorefusha chuma. Newton alisema joto peke yake halitoshi: dunia inajizungusha, kwa hiyo imetuna kwenye ikweta na kubonyea kwenye ncha, na mtu aliye karibu na ikweta hupunguziwa uzito na huo mzunguko na pia kwa kuwa mbali zaidi na katikati. Baadhi ya wataalamu wa Ufaransa, wakifuata vipimo vya mwanafalaki Cassini, walishikilia kinyume chake, kwamba dunia imerefuka kuelekea kwenye ncha. Ubishi huo ulikatwa kwa misafara ya miaka ya 1730, mmoja ukaenda Lapland, kaskazini kabisa mwa Ulaya, na mwingine nchi ambayo leo ni Ekwado, na vipimo vilivyorudi vikampa haki Newton. Nusu ya kipenyo cha dunia kwenye ikweta inaizidi ile ya kwenye ncha kwa kilomita 21 hivi.

Mji wa Mtwara uko nyuzi 10 na ushei kusini mwa ikweta, na mchapuko wa kitu kinachoanguka hapa, yaani kiasi mwendo wake unavyoongezeka kila sekunde, ni kama mita 9.78 kwa sekunde mraba, wakati London ni 9.81. Kwa hiyo saa ya pendulumu iliyorekebishwa London, ikiletwa Mtwara bila kuguswa, itachelewa dakika mbili hivi kwa siku. Mizani nayo imo katika hesabu hii. Mizani ya kielektroniki hupima nguvu inayokandamiza sahani yake, na ikiwa imesawazishwa London ikaletwa moja kwa moja ghalani, gunia la kilo 80 litasomeka pungufu kwa takriban robo kilo. Mizani ya mawe haitaona tofauti yoyote, kwa kuwa mzigo na mawe yaliyo upande wa pili hupunguziwa sawasawa. Manung'uniko ya wakulima kuhusu mizani yana sababu nyingine nyingi na nzito zaidi ya hii, lakini ni vyema mtu ajue kwamba mizani kuhakikiwa pale pale inapotumika si urasimu mtupu.

Hadi hapo mjomba angeweza kusema kwamba sheria ya Newton ilishinda kila jaribio, hivyo bado sijamjibu. Jibu limo katika habari za mtu mmoja, Mfaransa Urbain Le Verrier, na sayari mbili.

Sayari ya Uranusi iligunduliwa na William Herschel mwaka 1781. Kufikia miaka ya 1840 ilikuwa dhahiri kwamba haifuati njia ambayo hesabu za Newton ziliipangia. Palikuwa na njia mbili za kueleza kasoro hiyo. Ama sheria ya mvutano inalegea kule mbali na jua, ama kuna kitu ambacho hakijaonekana kinachoivuta sayari hiyo pembeni. Le Verrier alishika ya pili, kama alivyofanya John Couch Adams huko Uingereza, akakokotoa mahali ambapo kitu hicho kinapaswa kuwa na kupeleka barua Berlin. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 Johann Galle alielekeza darubini huko, akaiona sayari mpya, Neptuni, chini ya nyuzi moja kutoka mahali palipotajwa. Sijui kama kuna utabiri mwingine wa karne ile uliowashangaza watu kiasi hicho. Kasoro iliyoonekana kuitishia nadharia iligeuka kuwa ushahidi wake mkubwa.

Mwaka 1859 Le Verrier huyo huyo alitangaza kasoro nyingine, safari hii kwenye Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na jua. Njia ya Utaridi ni duaradufu, na ile sehemu ya njia inayokaribia jua kuliko nyingine haikai mahali pamoja, bali husogea polepole. Sehemu kubwa ya kusogea huko hutokana na mvutano wa sayari nyingine, lakini baada ya kuziondoa zote ilibaki ziada ya sekunde 38 za pembe kwa karne, ambayo vipimo vya baadaye viliifikisha 43. Sekunde hizo si za saa. Ni nyuzi moja ikigawanywa mara 3,600. Kwa karne nzima, basi, kosa halikufika hata sehemu moja kwa themanini ya nyuzi, na bado wanafalaki hawakulifumbia macho. Le Verrier alitumia ufunguo ule ule uliomfungulia mlango wa kwanza: akasema kuna sayari iliyofichika kati ya Utaridi na jua. Daktari mmoja wa kijijini, Lescarbault, aliripoti kwamba ameiona ikipita mbele ya jua. Ikapewa jina la Vulcan, na watu wakaisaka kwa miongo kadhaa, hasa jua lilipopatwa. Haikupatikana, kwa sababu haikuwepo.

Hapa ndipo ninapotaka mjomba atue kidogo. Mtu ni yule yule, ustadi ni ule ule, uaminifu ni ule ule, na hata hoja ni ile ile. Mara ya kwanza ikampa sayari, mara ya pili ikampa hewa. Mwaka 1859 hapakuwa na kanuni ambayo ingemwambia mapema kwamba safari hii kilichopungua ni sheria yenyewe. Anayedhani kwamba wanasayansi wangepaswa kuitupa sheria ya Newton mara tu Uranusi ilipokengeuka, angewanyima Neptuni; na anayedhani kwamba hawakupaswa kuigusa kamwe, angewaacha wakiitafuta Vulcan hadi leo. Kilichokata shauri ni kazi ndefu ya kutazama tena na tena, na kisha kutokea kwa nadharia nyingine iliyoweza kubeba yote yaliyobebwa na ile ya kwanza na kuongeza lile iliyoshindwa kulibeba.

Nadharia hiyo ilianzia kwenye wazo la kuanguka. Mwaka 1907 Albert Einstein alitambua kwamba mtu anayeanguka bila kizuizi hausikii uzito wake mwenyewe. Kwake yeye, kila kinachoanguka pamoja naye huonekana kimetulia. Bibo likiwa angani haliulemei mkono wowote wala tawi lolote, na uzito tunaoujua hurudi pale tu ardhi inapolizuia. Kutoka hapo ilimchukua miaka minane ya hesabu ngumu kufikia nadharia ambayo ndani yake mvutano si nguvu inayorukia mbali bila kupita popote, bali ni kupinda kwa nafasi na muda kunakosababishwa na tungamo. Mnamo Novemba 1915 aliitumia kwa Utaridi, zikatoka zile sekunde 43 bila kurekebisha namba yoyote ili ikubali. Nadharia ilitabiri pia kwamba mwanga wa nyota ukipita karibu na jua utapinda mara mbili ya kiasi kilichotarajiwa kwa fikra za Newton. Kupatwa kwa jua kwa tarehe 29 Mei 1919 kulitoa nafasi ya kupima, na timu za Uingereza zikapiga picha Sobral huko Brazil na kisiwani Principe. Kivuli kile hakikuishia kwenye Bahari ya Atlantiki. Kiliivuka Afrika na kupita kusini mwa nchi yetu na kaskazini mwa Msumbiji jua likielekea kuchwa, ingawa vipimo vinavyotajwa vitabuni vilifanyika upande wa pili wa bara.

Je, Newton amefutwa? Mahali ambapo mvutano ni dhaifu na mwendo ni mdogo ukilinganishwa na ule wa mwanga, milinganyo ya Einstein hugeuka kuwa ile ya Newton. Kwa bibo linaloanguka Tandahimba tofauti kati ya nadharia hizo mbili haizidi sehemu moja kwa bilioni, na hakuna saa ya shambani itakayoiona. Ndiyo maana watoto wanafundishwa Newton, na ndiyo maana vyombo vya angani bado hupangiwa safari kwa kiasi kikubwa kwa sheria zake. Lakini simu inayomwelekeza dereva wa lori la korosho kwenda bandarini hutegemea setilaiti ambazo saa zake, kwa sababu mvutano ni dhaifu zaidi huko juu, na hata baada ya kutoa ucheleweshaji mdogo unaoletwa na mwendo wake, hutangulia za ardhini kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Kosa hilo lisiporekebishwa, ramani ingepotoka kwa kilomita kama 10 ndani ya siku moja. Hapo Newton peke yake hatoshi.

Si kila marekebisho huwa ya namna hiyo, na sitaki kumdanganya mjomba kwamba nadharia za zamani huhifadhiwa daima. Mfano uko Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani, kwa nguvu za mamia ya vibarua wa huku waliosimamiwa na Boheti bin Amrani, walichimba Tendaguru mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, ikabebwa hadi bandari ya Lindi na kusafirishwa. Mmoja wao amesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin, na kimo chake kinazidi mita 13. Wataalamu wengi wa wakati ule waliamini kwamba mnyama mwenye uzito kama huo asingeweza kujibeba nchi kavu, hivyo lazima aliishi majini ambako maji yalimsaidia kupambana na mvutano. Mwaka 1951 ilionyeshwa kwamba shinikizo la maji kwenye kina hicho lingemzuia kupumua, na uchunguzi wa baadaye wa miguu na mifupa yenye mashimo ya hewa ukaonyesha kwamba alitembea nchi kavu. Dhana ya majini haikubaki kama sehemu ya ukweli mpana zaidi, iliachwa. Hata kiunzi chenyewe, kilichowekwa mwaka 1937 kikiwa na miguu ya mbele iliyotanuka kama ya mjusi, kilisimamishwa upya mwaka 2007 miguu ikiwa wima.

Nadharia ya Einstein nayo sasa ina kasoro mlangoni pake. Fritz Zwicky aligundua mwaka 1933 kwamba galaksi, yaani mikusanyiko mikubwa mno ya nyota, katika kundi liitwalo Coma zinakwenda kasi mno kuweza kushikwa pamoja na mvutano wa kile kinachoonekana, na katika miaka ya 1970 Vera Rubin na Kent Ford wakaonyesha kwamba nyota za pembezoni mwa galaksi nazo huzunguka kasi kuliko inavyotarajiwa. Wengi wanasema kuna maada isiyoonekana inayozidi ile tunayoijua kwa karibu mara tano; wachache wanasema sheria ya mvutano inahitaji kubadilishwa kwenye umbali mkubwa. Ni Neptuni au Vulcan tena. Mimi naegemea upande wa maada iliyofichika, kwa kuwa yapo makundi ya galaksi yaliyogongana ambamo mvutano unaonekana kukaa mbali na gesi iliyo nyingi kuliko nyota zake, jambo ambalo kubadilisha sheria peke yake hakulielezi kwa urahisi. Lakini mitambo iliyojengwa kuikamata, mmojawapo ukiwa na tani kadhaa za gesi ya zenoni iliyogeuzwa kimiminika, kwenye mgodi wa zamani wa dhahabu wa Dakota Kusini, kina cha karibu kilomita moja na nusu, haijathibitisha kunasa chembe hata moja.